Nairobi ya Magharibi: Nchi, Historia na Watu Wake

(Hotuba hii ilitolewa na kamati ya maendeleo ya parokia yetu, upande wa Dagoretti, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliotutembelea kutoka mashambani. Tunaichapa kwa ombi lao, ili na wale waliobaki nyumbani waisome katika mikutano yao.)



Mmesafiri usiku kucha, na wengine mmekuja na watoto mgongoni. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata sisi leo tumepona, maana tumekula mahindi na ndizi zenu.

Katika barua yenu mlituomba mambo mawili. La kwanza, tuwaeleze mahali hapa palivyo, kwa sababu watoto wenu wengi wanaishi huku na ninyi hampajui. La pili lilikuwa swali. Mlisema vikundi vyenu vimeweka akiba kwa miaka kadhaa, na kuna mtu amewaambia kuna ploti ya bei nafuu huku magharibi mwa Nairobi, mjenge vyumba vya kupangisha. Mkauliza: tununue au tusinunue?

Tulikaa kama kamati tukalizungumza. Tukaona kwamba swali la pili halijibiki bila lile la kwanza. Ploti si udongo tu. Ploti ina habari yake, na asiyeijua habari hiyo anaweza kununua kesi. Kwa hiyo mtuvumilie, tuanze na nchi yenyewe.

NCHI ILIVYO

Mkisimama katikati ya jiji, pale Uhuru Park, mko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mkipanda matatu ya kuja huku Dagoretti, gari linapanda polepole bila ninyi kujua, mpaka mnapita mita 1,800. Mkiendelea kusini-magharibi mtaona vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinafika mita 2,460. Ng'ambo ya vilima hivyo ardhi inaporomoka kwenda Bonde la Ufa.

Mwinuko huu ndio ulioamua mambo mengi. Upande wa magharibi mvua ni ya kutosha na udongo ni mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji. Mihogo mtaiacha kwenu, lakini sukuma wiki, viazi, nduma na nyasi za nepia zinakubali. Upande wa mashariki, kuelekea Embakasi, ni tambarare na udongo ni mweusi. Ule ukilowa unashika viatu, na ukikauka unapasuka hata kuta za nyumba. Wazungu walipofika walijichagulia huku juu penye hewa safi na udongo mwekundu. Waafrika wakapangiwa kule chini mashariki, na Wahindi katikati. Mpaka leo mkitazama ramani ya Nairobi mtaona mgawanyo ule bado haujafutika.

Kitu kingine ni mito. Nairobi yenyewe ni neno la Kimaasai lenye maana ya maji baridi. Mto Nairobi unaanzia kwenye bwawa la matete la Ondiri, kule Kikuyu, si mbali na hapa. Mto mwingine, Motoine, unatoka upande huu wa Dagoretti, unapita msitu wa Ngong, unaingia Kibera na kufika Bwawa la Nairobi. Kutoka hapo watu wanauita mto Ngong. Yote hii inakutana huko chini, inaingia Athi, na Athi ikifika pwani inaitwa Sabaki, inamwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo uchafu tunaoutupa hapa asubuhi, kuna mvuvi wa Malindi atakayeupata siku moja.

WATU WA KWANZA

Hapa palikuwa mpakani. Kusini na mashariki palikuwa malisho ya Wamaasai. Jina la Ngong lenyewe wanasema linatokana na Kimaasai, chemchemi ya kifaru. Kaskazini na magharibi palikuwa mashamba ya Wagikuyu, na katikati palikuwa msitu. Ndani ya msitu waliishi wawindaji na warina asali, ambao Wagikuyu waliwaita Athi.

Watu hawa walipigana mara nyingine, na kuibiana ng'ombe pia. Lakini hata wakati wa vita akina mama waliruhusiwa kupita mpakani na mizigo yao. Walipeleka nafaka na mboga, wakarudi na ngozi na maziwa. Wakati wa njaa watu walikimbilia kwa majirani, na wengine wakaoa au wakaolewa huko. Ndiyo maana familia nyingi za Dagoretti mpaka leo zina bibi au babu Mmaasai. Tunawaambia jambo hili kwa sababu kuna watu wanaopenda kutuambia kwamba makabila ya hapa ni maadui tangu zamani. Si kweli. Akina mama walifanya biashara mpakani kabla ya serikali yoyote kuwako.

Kwa Wagikuyu ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo. Mtu asiye wa ukoo aliweza kupewa mahali pa kulima bila kuimiliki, akaitwa muhoi. Alikaribishwa, akalima, akaheshimu wenyeji. Likumbukeni neno hilo, tutalirudia.

NGOME, RELI NA MJI

Mwezi wa Oktoba 1890 Mwingereza Lugard, aliyetumwa na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alijenga ngome hapa Dagoretti. Alifanya agano na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa eneo hili. Lakini watu wa kampuni walipobaki, walianza kunyang'anya watu chakula. Wenyeji wakakasirika, na mwaka uliofuata ngome ikaachwa na kuharibiwa. Kampuni ikajenga nyingine Kabete. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa njia ya pwani, akafia Kibwezi. Barabara kuu mliyopita leo asubuhi, Waiyaki Way, imeitwa kwa jina lake.

Miaka ile ya 1890 ilikuwa ya mateso. Ugonjwa uliua ng'ombe, kisha nzige, ukame na ndui vikaua watu. Njaa ya 1898 na 1899 ilikuwa kali mno. Wengi walikufa, wengine walihama. Wazungu walipokuja kutafuta mashamba waliona vichaka, wakasema nchi ni tupu. Haikuwa tupu. Wenyewe walikuwa wamekimbia njaa, na waliporudi walikuta vigingi.

Wakati huo huo reli ilikuwa inakuja kutoka Mombasa. Tarehe 30 Mei 1899 ilifika mahali pa maji baridi, maili 327 kutoka pwani. Palikuwa na kinamasi, lakini palikuwa tambarare na maji yapo, kabla ya njia kuanza kupanda. Wakaweka kambi na karakana. Hapo ndipo mji ulipozaliwa. Haukupangwa kuwa mji mkuu. Mwaka 1902 tauni iliingia, na wakuu wakaamuru mtaa wa maduka ya Wahindi uchomwe moto. Hata hivyo mwaka 1905 makao ya serikali yalihamishwa kutoka Mombasa yakaja hapa. Wamaasai nao, kwa mkataba wa 1904, walianza kuondolewa katika malisho yao mazuri ya Bonde la Ufa.

Katikati ya jiji kuna mahali tungependa mpite kesho kabla ya kurudi. Ni karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwezi wa Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa sababu alitetea wafanyakazi na kupinga kipande. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwakemea wanaume waliotaka kwenda zao, akasonga mbele. Risasi zikapigwa. Serikali ilihesabu watu 21 waliokufa, naye Nyanjiru akiwa mmoja wao. Akina mama, msiambiwe kwamba historia ya nchi hii ililetwa na wanaume peke yao.

MASHAMBA, MISHENI NA KAMBI

Sasa turudi huku magharibi. Wamisionari wa Kiskoti walihama kutoka Kibwezi mwaka 1898 wakafika sehemu hizi. Mahali pao paliitwa Thogoto, yaani watu walivyotamka neno Skoti. Mwaka 1899 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St. Austin, upande unaoitwa leo Lavington, wakapanda kahawa.

Chini ya vilima vya Ngong mama mmoja wa Denmark, Karen Blixen, alilima kahawa kutoka 1914. Mahali palikuwa pa juu mno na baridi kwa kahawa. Mwaka 1931 aliondoka akiwa amefilisika, na shamba likakatwa viwanja vya matajiri. Ni mtaa wa Karen. Lakini katika shamba lile kulikuwa na familia za Wagikuyu zilizoishi kama maskwota. Yeye mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha 1937 jinsi alivyozunguka maofisini kuomba wapewe mahali pa kukaa pamoja, wakapewa katika msitu wa Dagoretti. Jiulizeni: watu ambao baba zao waliishi pale kabla ya kahawa, walihitaji kuombewa nafasi ya kukaa.

Kibera ina habari nyingine. Askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudani, waliolitumikia jeshi la Waingereza, walipewa makao kwenye msitu ule. Kibra kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 eneo la ekari zaidi ya 4,000 lilitangazwa kwa ajili yao. Lakini hawakupewa hati. Miaka ilipita, serikali ikachukua sehemu, mitaa ikajengwa, watu wa makabila yote wakaja kupanga. Mwaka 2017, baada ya karibu miaka 100, jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288. Linganisheni wenyewe: 4,000 na 288. Askari alipewa neno la mdomo, hakupewa karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

HALI YA HATARI NA HATI ZA MASHAMBA

Dagoretti haikuchukuliwa na walowezi yote. Ilibaki katika hifadhi ya Wagikuyu, chini ya wilaya ya Kiambu. Akina mama walibeba maziwa, mboga na makaa kwenda kuuza mjini. Kisha Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Aprili 1954 jeshi lilizunguka Nairobi katika msako mkubwa, likakamata maelfu. Huku mashambani watu walibomolewa nyumba, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro.

Wakati watu wako vijijini na wanaume wengi wako kizuizini, ardhi ilipimwa, vipande vikaunganishwa, hati zikatolewa kwa mtu mmoja mmoja. Ardhi ya ukoo ikawa ya jina moja, mara nyingi jina la mwanamume. Muhoi hakuandikwa. Wajane wengi hawakuandikwa. Aliyekuwa kizuizini alirudi akakuta mambo yamekwisha. Majeraha mengine ya wakati ule hayajapona, na kesi bado zipo.

Mwaka 1963 mpaka wa jiji ulisogezwa. Dagoretti, Kawangware, Kangemi na Karen zikaingia Nairobi. Watu walilala wakulima, wakaamka watu wa jiji.

WATU WA LEO

Hapo ndipo mnapoona tofauti kubwa. Nyumba za mabati za Kibera na za Kawangware zinafanana, lakini ardhi iliyo chini yake haifanani. Kibera kwa sehemu kubwa ni ardhi ya umma. Mwenye nyumba ana mabati, hana udongo. Kawangware na Kangemi kwa sehemu kubwa ni mashamba ya watu wenye hati, waliyokata vipande vidogo na kujenga vyumba. Jina la Kawangware wengi husema linatokana na ngware, yaani kwale, ndege wa porini. Sasa kwale hayupo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 434,208 katika Dagoretti na 185,777 katika Kibra. Kati yao wamo watoto wenu. Waluhya ni wengi sana Kawangware na Kangemi, na wako Wajaluo, Wakamba, Wakisii, Wamaasai wanaoleta mifugo kwenye soko na machinjio ya Dagoretti, na wenyeji Wagikuyu. Mpangaji wa leo ndiye muhoi wa leo: amekaribishwa, lakini hana karatasi. Siasa ikichemka, kama tulivyoona 2008 na tena Oktoba 2017 Kawangware, majirani waliokopeshana chumvi walitazamana kwa hofu, nyumba zikachomwa. Tulichoona wakati ule ni hiki: vyama vya akina mama vyenye watu wa makabila tofauti havikuvunjika upesi. Waliogopa, ndiyo, lakini walipigiana simu. Mtu aliye na zamu yako ya mchango hutamani uwe hai.

SISI TULIVYOPOTEZA

Sasa tufike kwenye swali lenu. Tutaanza na aibu yetu wenyewe, maana si vizuri kuwafundisha wenzetu huku tumeficha kosa.

Miaka mingi iliyopita kikundi chetu kilikuwa na akiba ya nguo za mitumba, mayai na michango ya kila Jumapili. Tukaletewa habari ya ploti. Bei ilikuwa nzuri. Mwenyewe alikuwa mtu tunayemfahamu, alituonyesha karatasi yenye mhuri. Tulikwenda kuiona wakati wa kiangazi, nyasi kavu, mahali patulivu, tukasali na kulipa nusu. Hatukumuuliza jirani hata mmoja. Mvua za masika ziliponyesha, mto ulipanda ukafunika ile ploti yote. Kumbe ilikuwa ukingo wa mto. Tena karatasi ile haikuwa hati, ilikuwa barua tu, na jina la shamba lilikuwa bado la babu aliyekufa zamani. Fedha hazikurudi. Mama mmoja aliyekuwa ametoa pesa za karo alinyamaza tu, hakutulaumu. Kunyamaza kwake kulituuma kuliko matusi.

Msidhani ni mambo ya zamani. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua watu Nairobi, na baada yake serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mitoni. Wengi waliobomolewa walikuwa wamelipa pesa kwa mtu fulani. Mto haujui risiti.

JIBU LETU

Hatusemi msinunue. Pia hatusemi mnunue. Tunasema msitoe hata shilingi kabla ya kufanya haya:

1. Jueni ni ardhi ya aina gani. Ni ya mtu mwenye hati, ni ya umma, ni ya barabara, reli, msitu au mto? Msitu wa Ngong Road ulitengwa mwaka 1932, na zaidi ya nusu yake imekwisha kuliwa. Aliyeuziwa kipande cha msitu hana pa kulilia.

2. Fanyeni upekuzi wa hati wenyewe. Tangu 2021 rekodi za ardhi za Nairobi zinahamishiwa katika mtandao wa serikali uitwao Ardhisasa. Kama hamjui kuutumia, tafuteni kijana wenu anayejua, au wakili. Nakala mliyopewa na muuzaji haitoshi.

3. Kama jina ni la marehemu, ngojeni. Lazima warithi wamalize kesi ya urithi mahakamani kwanza. Mtoto mmoja hawezi kuuza cha wote.

4. Muulizeni mke, au mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mwenzake akubali kabla ya mali ya ndoa kuuzwa. Mkimwona mama wa boma amesimama mbali analia, rudini nyumbani.

5. Njooni wakati wa mvua. Kiangazi hudanganya. Ongeeni na majirani, wapangaji na mzee wa mtaa. Muulize mpangaji maji hufika wapi.

6. Andikeni kila kitu kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si la mwenyekiti. Hata mwenyekiti mzuri hufa, na watoto wake huenda wasiwajue ninyi.

Na jambo la mwisho. Kabla ya kuleta akiba yenu Nairobi, tazameni kwenu. Maji tunayokunywa hapa jijini sehemu kubwa yanatoka Aberdare, kule bwawa la Ndakaini. Maziwa yetu, mayai yetu, mahindi yetu, yanatoka kwenu. Jiji hili linaishi kwa jasho la mashamba. Huenda ploti mnayoitafuta ni tangi la maji nyumbani, au mtambo wa kupoza maziwa. Hayo mtayaamua ninyi.

Mnakumbuka habari ya shamba la mizabibu la Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme alilitaka, Nabothi akakataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake, akauawa kwa mashahidi wa uongo. Katika nchi yetu mara nyingi tumekuwa Nabothi. Tuombe tusije tukawa Ahabu bila kujua, tukinunua urithi wa yatima kwa bei nafuu.

Chai iko tayari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ardhi ambayo kikundi chetu kinatumia imeandikwa kwa jina la nani? Nani ameiona karatasi?

2. Katika kijiji chetu ni nani walioachwa nje wakati ardhi ilipopimwa? Wajane? Wageni? Wanaishije leo?

3. Kikundi chetu kimewahi kupoteza fedha? Tulijifunza nini, na je, tumewaambia wanachama wapya?

4. Mto wetu unakwenda wapi, na nani anakunywa maji yake baada yetu?